Mbwa wa nyumbani anapouawa kwa risasi ya polisi: ni nani anayewajibika?

KATIKA vijiji vya Kitui na Makueni, mbwa hafugwi kuwa pambo. Ndiye mlinzi wa zizi la mbuzi, mwenzi wa mtoto anayechunga malishoni, na sauti ya kwanza ya hatari katika boma lililo mbali na jirani na mbali zaidi na kituo cha polisi. Wakamba humwita ngiti, na tangu zama walipojulikana kwa uwindaji amekuwa sehemu ya riziki yao. Anapouawa kwa risasi ya afisa wa serikali, familia hupoteza mnyama ambaye bei yake sokoni ni ndogo, lakini pengo lake huonekana usiku huo huo.

Wengi hudhani kwamba hakuna wa kuulizwa kuhusu kifo hicho, kwa kuwa aliyekufa ni mbwa tu na mwenye bunduki ni serikali. Dhana hiyo si sahihi. Jibu limo katika sheria za Kenya, ila limetawanyika katika sheria kadhaa, baadhi zikiwa na asili ya enzi za ukoloni na nyingine zikiwa zimetungwa baada ya Katiba ya 2010. Kati ya hizo, hakuna iliyoandikwa mahsusi kwa ajili ya mbwa wa nyumbani aliyepigwa risasi na polisi. Ndiyo sababu mwananchi hutumwa kutoka ofisi moja hadi nyingine, na mwisho hukata tamaa.

RISASI YA NANI?

Swali la kwanza ni la kawaida mno, lakini ndilo hupotosha kesi nyingi: ni nani aliyefyatua? Katika kaunti hizi mbili, wanaobeba bunduki za serikali ni wengi. Kuna polisi wa kawaida wa vituo, kuna polisi wa utawala, na upande wa mashariki mwa Kitui, kwenye mpaka na Kaunti ya Tana River ambako mizozo ya malisho imekuwa ikizuka mara kwa mara, huonekana pia kikosi cha GSU na polisi wa akiba. Hawa wote wako chini ya Huduma ya Taifa ya Polisi.

Askari wa wanyamapori wa KWS, wanaolinda mbuga za Tsavo na milima ya Chyulu pamoja na hifadhi ya Kitui Kusini, hawako chini ya huduma hiyo. Mbwa akiuawa na askari wa KWS karibu na Mtito Andei au Ikutha, malalamishi yanayopelekwa kwa wasimamizi wa polisi hayatakuwa na pa kushikwa. Yafaa yapelekwe kwa KWS yenyewe na kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo hushughulikia malalamiko dhidi ya maafisa wa umma kwa jumla. Ikumbukwe pia kwamba kuingia mbugani na mbwa kwa ajili ya kuwinda ni kosa, na mwenye mbwa aliyeuawa humo ana kazi kubwa ya kujieleza kabla ya kudai chochote.

Kumtambua aliyefyatua si jambo lisilowezekana, hata usiku. Bunduki na risasi za polisi hutolewa kwenye ghala la silaha kwa kuandikishwa, na hurejeshwa kwa kuhesabiwa. Risasi ikipungua, kuna mtu anayepaswa kueleza ilikokwenda. Ganda lililoanguka uani lina thamani kwa sababu hiyo, na watoto wasiachiwe kulichezea.

SHERIA YA BUNDUKI INASEMAJE?

Matumizi ya nguvu na silaha yanatawaliwa na Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011. Jedwali hilo linamtaka afisa atumie kwanza njia zisizo za nguvu. Nguvu zikibidi, ziwe za kiasi kinacholingana na hatari iliyopo. Bunduki ni ya mwisho kabisa, pale njia nyepesi zaidi zimeshindwa, na sababu zinazoruhusiwa ni chache: kuokoa maisha ya afisa au ya mtu mwingine, kujikinga na hatari ya kifo au jeraha baya, kulinda uhai na mali kwa njia inayoweza kutetewa, na kuzuia mfungwa wa kosa kubwa kutoroka au kutoroshwa.

Ukilisoma Jedwali hilo kwa makini utaona kwamba waliolitunga walikuwa wakifikiria binadamu. Mnyama hatajwi. Mawakili wa serikali wanaweza kutumia kimya hicho kudai kwamba masharti hayamhusu mbwa. Hoja hiyo ni dhaifu. Mipaka iliyowekwa ni ya bunduki yenyewe, wala haikuandikwa kwamba afisa yuko huru kuifyatua ovyo maadamu shabaha yake ina miguu minne. Risasi inayomkosa mbwa katika boma la udongo inaweza kupenya ukuta na kumpata mtoto aliyelala.

Vipengele viwili vya Jedwali hilo ndivyo vyenye uzito kuliko vyote katika suala hili, na ni vyema kila mfugaji avijue. Cha kwanza kinasema kwamba matumizi yoyote ya bunduki, hata kama hakuna aliyejeruhiwa, lazima yaripotiwe mara moja kwa mkubwa wa afisa husika. Kwa hiyo, mbwa akipigwa risasi saa nane za usiku huko Kyuso, ni lazima pawe na ripoti kituoni kufikia asubuhi. Ikiwa haipo, tayari kuna ukiukaji wa sheria, hata kabla ya kuuliza iwapo mbwa alistahili kuuawa. Cha pili kinasema kwamba amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Afisa anayesema “niliambiwa nimpige” hajajiondolea lawama. Amemwongeza mtu wa pili katika orodha ya wanaowajibika.

Hapo ndipo mkuu wa kituo anapoingia. Yeye ndiye hupokea ripoti, ndiye mwenye ghala la silaha, na ndiye aliyetuma kikosi. Akinyamaza baada ya kupokea taarifa, au akikataa mwenye mbwa asiandikishe malalamishi katika kitabu cha OB, kosa linakuwa lake mwenyewe.

MSAKO WA USIKU

Mazingira ambayo huwakutanisha polisi na mbwa mara nyingi ni msako: wa pombe haramu, wa bangi, au wa mtuhumiwa anayesakwa nyumbani. Mbwa hana njia ya kujua kwamba mgeni ana kitambulisho cha kazi. Hubweka na kukimbilia langoni, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyofugiwa.

Kwa kawaida, uhalali wa risasi katika hali hii hauwezi kutenganishwa na uhalali wa kuingia kwenyewe. Kifungu cha 31 cha Katiba kinamlinda kila mtu dhidi ya kupekuliwa yeye, nyumba yake au mali yake bila sababu ya kisheria. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai inaagiza kwamba kibali cha upekuzi kitekelezwe kati ya macheo na machweo, isipokuwa mahakama iwe imeruhusu saa nyingine. Sheria ya polisi nayo inampa afisa nafasi ya kuingia bila kibali pale ambapo kuchelewa kungeharibu upelelezi, lakini kwa masharti, ikiwemo kuweka sababu zake kwenye maandishi. Afisa aliyeingia bomani bila kibali na bila dharura ni mvamizi machoni pa sheria. Itakuwa vigumu kwake kusema alijikinga na mbwa aliyekuwa akizuia uvamizi.

Hali hugeuka ikiwa maafisa wamejitambulisha, wameeleza shughuli yao na kumwomba mwenye boma amfunge mbwa, naye akakataa au akamchochea. Kumwachilia mbwa amshambulie polisi aliye kazini ni kumzuia kutekeleza wajibu wake, na hilo ni kosa la jinai. Afisa aliyerukiwa na mbwa mkubwa, akiwa hana pa kukimbilia, ana haki ya kujiokoa kama mtu mwingine yeyote. Tofauti ya hali hizi mbili ni dakika chache za mazungumzo langoni, na ni dakika hizo ambazo mahakama au wachunguzi watataka kuelezwa.

Swali hili limesumbua mataifa mengine pia. Nchini Marekani, mnamo Julai 29, 2008, kikosi maalumu kilivamia nyumba ya meya wa mji mdogo wa Berwyn Heights, jimbo la Maryland, Cheye Calvo, kwa sababu ya kifurushi cha bangi kilichotumwa kwenye anwani yake na walanguzi. Maafisa waliwaua mbwa wake wawili. Ikabainika kuwa meya na familia yake hawakuwa na hatia yoyote. Uchunguzi wa ndani uliwaondolea maafisa lawama, lakini Calvo alifungua kesi ambayo ilimalizwa kwa maafikiano mwaka wa 2011. Kabla ya hapo, mwaka wa 2009, Maryland ilikuwa imepitisha sheria ya kuwataka polisi watoe takwimu za uvamizi wa aina hiyo. Mwaka wa 2013 jimbo la Colorado lilitunga sheria inayowalazimu polisi wafunzwe jinsi ya kukabiliana na mbwa, na kumpa mwenye mbwa nafasi ya kumdhibiti inapowezekana. Mahakama za rufaa za shirikisho nchini humo zimekwisha kuamua, tangu miaka ya 1990, kwamba kumuua mbwa wa nyumbani bila sababu ya haki ni sawa na kutwaa mali ya mtu kinyume cha katiba.

Maamuzi hayo hayaifungi mahakama ya Kenya. Yanaonyesha tu njia ambayo Kifungu cha 40 cha Katiba ya Kenya, kinacholinda mali, kinaweza kusomwa.

KICHAA CHA MBWA

Ukiacha msako, sababu kubwa ya mbwa kupigwa risasi na maafisa wa serikali katika historia ya Kenya ni kichaa cha mbwa. Ni hapa ambapo suala linakuwa zito zaidi, kwa maana linahusu uhai wa binadamu.

Ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mara ya kwanza nchini mwaka wa 1912, kwa mbwa viungani mwa Nairobi, na kwa binadamu mwaka wa 1928. Eneo la Ukambani limeandamwa nao kwa miongo mingi. Makueni ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos hadi 1992, na Machakos ni miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa zaidi na wataalamu wa ugonjwa huo barani Afrika. Utafiti uliofanywa huko katika miaka ya 1990 na kuchapishwa mwaka wa 2001 ulionyesha jambo linalopingana na kauli za mitaani: mbwa wanaozurura vijijini, wengi wao wana wenyewe. Hawafungwi, hujitafutia chakula, lakini kila mmoja ana boma lake. Wengi hufa wakiwa wachanga na nafasi zao hujazwa haraka na watoto wa mbwa wengine.

Matokeo hayo yana uzito wa kisheria na wa kiafya. Kisheria, mbwa anayepigwa risasi njiani kwa madai kwamba ni mbwa koko asiye na mwenyewe, huenda akawa mali ya mtu. Kiafya, kuua mbwa hakumalizi ugonjwa. Wanaouawa hufuatwa na wachanga ambao hawajachanjwa, na mara nyingi risasi humpata hata yule aliyekwisha kuchanjwa, ambaye alikuwa ngao ya kijiji. Kisiwa cha Flores nchini Indonesia kiliua mbwa kwa maelfu mengi baada ya ugonjwa kuingia mwaka wa 1997, na kichaa cha mbwa kikabaki. Karibu na nyumbani, kisiwa cha Pemba kilifuata njia ya chanjo. Ugonjwa ulitoweka huko mwaka wa 2014, ukarudi 2016, na kampeni mpya ya chanjo ikauondoa tena kufikia 2018. Shirika la Afya Duniani limekuwa likishauri kwamba asilimia 70 ya mbwa katika eneo wachanjwe kila mwaka.

Kenya ilikubali ushauri huo kwenye mkakati wake wa kitaifa wa 2014, unaolenga kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na mbwa wenye kichaa kufikia 2030. Makueni ilichaguliwa kuwa miongoni mwa kaunti za kwanza za majaribio, pamoja na Machakos, Kisumu, Siaya na Homa Bay.

Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, ni ya zamani kuliko mkakati huo na ina mkono mzito. Inampa daktari wa mifugo wa serikali, pamoja na maafisa wengine waliotajwa, mamlaka ya kutengwa au kuuawa kwa mnyama anayeshukiwa. Eneo likitangazwa kuwa na ugonjwa, mbwa anayezurura kinyume cha masharti anaweza kuuawa. Anayetumia mamlaka hayo kwa mujibu wa sheria hawajibiki kwa kifo cha mbwa. Lakini mamlaka hayo yana mipaka. Lazima pawe na shaka ya kweli ya ugonjwa au tangazo rasmi la eneo. Chuki ya jirani haitoshi, wala malalamiko ya mtu aliyechoshwa na kelele za mbwa usiku.

Kuna jambo moja ambalo maafisa wengi, na wanakijiji wengi zaidi, hawalijui. Mbwa aliyemuuma mtu ni ushahidi. Akiwa hai na anaweza kufungwa salama, anapaswa kutengwa na kuchunguzwa kwa siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, basi hakuwa akiambukiza wakati alipouma. Akifa au akilazimika kuuawa, kinachohitajika ni ubongo wake, ambao hupelekwa maabara ya mifugo kama ile ya Kabete ili upimwe. Afisa anayempiga risasi ya kichwa anaharibu kipimo. Anayemuua na kumwacha azikwe au achomwe papo hapo anamnyima aliyeumwa jibu ambalo lingeamua matibabu yake. Mgonjwa hana budi kuchukulia kwamba mbwa alikuwa na kichaa na kukamilisha sindano zote, na kwa familia ya Tseikuru au Kathonzweni hiyo ni nauli ya safari kadhaa hospitalini pamoja na bei ya dawa, ikiwa dawa ipo. Akikosa kuzikamilisha na mbwa alikuwa mgonjwa kweli, matumaini ni haba: dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara mwisho ni kifo. Kidonda cha kuumwa kioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu aende hospitali siku iyo hiyo, bila kungoja habari za mbwa.

Kwa hivyo, kumpigia simu polisi ili aje “ammalize” mbwa aliyeuma ni hatua isiyo kamili. Anayestahili kuitwa kwanza ni daktari wa mifugo wa kaunti ndogo.

KAUNTI NAYO IMO

Hapa lawama inahama kutoka kituo cha polisi. Jedwali la Nne la Katiba linaipa serikali ya kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na kuangalia ustawi wao, na linataja kwa jina utoaji wa leseni za mbwa. Tangu 2013, huduma za mifugo mashinani, zikiwemo kampeni za chanjo, ziko mikononi mwa magavana na mawaziri wao wa kilimo. Polisi wamebaki chini ya serikali ya kitaifa.

Mgawanyo huo umezaa hali ya kutupiana mpira. Mbwa wanapozidi sokoni na mtu kuumwa, wananchi humkimbilia chifu, chifu hukimbilia polisi, naye polisi hana sindano wala kizuizi cha wanyama. Alicho nacho ni bunduki. Kaunti ambayo haikuchanja, haikuandikisha mbwa na haina mahali pa kuwatenga wanaoshukiwa, imechangia risasi hiyo hata kama hakuna mfanyakazi wake aliyekuwepo. Kitui ni kubwa, takriban kilomita 30,000 za mraba, ikiwa na watu 1,136,187 kwa mujibu wa sensa ya 2019. Kufikisha chanjo kila boma katika ukubwa huo si kazi nyepesi. Makueni ilikuwa na watu 987,653 katika eneo dogo zaidi, na ina faida ya kuanza mapema. Hata hivyo, ugumu wa kazi hauiondolei kaunti wajibu uliowekwa na Katiba.

Mwenye mbwa pia ana sehemu yake. Sheria ya Kichaa cha Mbwa inamtaka anayeshuku kwamba mnyama wake ana ugonjwa amtenge na atoe taarifa. Mbwa anayejulikana kuwa mkali, akiachwa huru na kumjeruhi mpita njia, humfanya mwenyewe alipe. Cheti cha chanjo kinachohifadhiwa pamoja na stakabadhi nyingine za nyumbani ni ulinzi wa aina mbili: kinaonyesha kwamba mnyama hakuwa tishio la kiafya, na kinathibitisha kwamba alikuwa na mwenyewe. Ni aibu kwamba karatasi hiyo hutupwa mara tu sindano inapokwisha.

MALALAMISHI NA FIDIA

Kwa anayeamini kwamba mbwa wake aliuawa kinyume cha sheria, njia ziko tatu, na zinaweza kutumika kwa pamoja.

Ya kwanza ni ya nidhamu. Baada ya kuandikisha tukio kituoni na kupata nambari ya OB, malalamishi yanaweza kupelekwa kwa kitengo cha masuala ya ndani cha polisi, au kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Wengi hudhani IPOA huchunguza vifo vya watu pekee. Ni kweli kwamba vifo na majeraha mabaya ndiyo kipaumbele, lakini sheria inairuhusu kuchunguza kosa lolote la jinai au la nidhamu la afisa wa polisi. Kufyatua bunduki bila sababu, au kukosa kuripoti, ni kosa la nidhamu hata kama aliyekufa ni mbwa.

Ya pili ni ya jinai, na ndiyo dhaifu zaidi. Kanuni ya Adhabu inaharamisha kumuua kwa makusudi na kinyume cha sheria mnyama anayeweza kuibwa, lakini adhabu nzito imewekewa mifugo iliyotajwa kwa majina, kama ng'ombe, mbuzi na ngamia. Mbwa hayumo katika orodha hiyo. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inaadhibu mateso yasiyo ya lazima kwa faini isiyozidi Sh3,000 au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Kinachoadhibiwa humo ni mateso, si kifo. Mbwa aliyekufa papo hapo kwa risasi moja ni vigumu kumwingiza katika sheria hiyo. Aliyevunjwa mgongo na kuachwa agaegae hadi asubuhi ni habari nyingine.

Ya tatu ni kesi ya madai. Chini ya Sheria ya Mashauri ya Serikali, Sura ya 40, serikali hubeba dhima ya makosa yaliyotendwa na watumishi wake wakiwa kazini, na anayeshtakiwa kwa niaba yake ni Mwanasheria Mkuu. Takwa la kutoa notisi ya siku 30 kabla ya kushtaki lilitangazwa na Mahakama Kuu mwaka wa 2012 kuwa kinyume cha Katiba, ingawa mawakili wengi bado huiandika kwa tahadhari. Kisicholegezwa ni muda: kesi ya madhara dhidi ya serikali kuu ifunguliwe ndani ya miezi 12. Wapo waliopoteza haki zao kwa kungoja uchunguzi wa polisi ukamilike, ilhali siku zinahesabiwa tangu tukio lilipotokea.

Kikwazo kikuu ni hesabu ya fidia. Mbwa huhesabiwa kuwa mali, na mali hulipwa kwa bei yake. Kwa mbwa wa kawaida wa kijijini, bei hiyo haifikii hata ada ya wakili. Lakini mahakama za Afrika Mashariki zimekubali kwa muda mrefu, angalau tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufaa katika kesi ya Obongo dhidi ya Baraza la Manispaa ya Kisumu ya 1971, kwamba watumishi wa serikali wakitenda kwa uonevu, kiholela au kinyume cha katiba, mlalamishi anaweza kuongezewa fidia ya kuwaadhibu waliokosa. Kesi ya mbwa iliyoandamana na kuvunjwa kwa mlango bila kibali ina uzito ambao kesi ya mbwa peke yake haina. Ombi la kikatiba chini ya Vifungu vya 22 na 23, kwa kukiukwa kwa haki ya faragha na ya mali, hujengwa juu ya msingi huo huo.

Hata baada ya kushinda, mali ya serikali haiwezi kunadiwa na madalali. Mshindi hupata cheti cha hukumu, na asipolipwa hurejea mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha afisa wa fedha wa wizara husika alipe. Safari hiyo ni ndefu, na wengi huamua kwamba barua ya kuomba radhi pamoja na hatua ya nidhamu dhidi ya afisa ni malipo tosha.

Lolote litakaloamuliwa, kazi ya siku ya kwanza ni ile ile. Mzoga upigwe picha mahali ulipoangukia, pamoja na matone ya damu, ganda la risasi na tundu ukutani ikiwa lipo. Saa iandikwe, na nambari ya gari la polisi ikiwa ilionekana. Daktari wa mifugo aitwe aukague na kuandika ripoti fupi ya upande ambao risasi iliingilia, kwani mbwa aliyepigwa mgongoni au ubavuni akiwa kwenye mnyororo hakuwa akimrukia mtu. Ikiwa mbwa huyo alikuwa ameuma mtu, daktari aelezwe hilo kabla ya mzoga kuguswa, na asiuguse mtu yeyote kwa mikono mitupu. Baada ya hapo ndipo azikwe.